Kofia Jukwaani

Katika ndoa yangu nimeshindana na klabu ya mpira, na kwa miaka mingi klabu ndiyo iliyokuwa ikishinda. Nasema hivi bila kutia chumvi. Mume wangu alianza kuifundisha timu ile mtoto wetu wa kwanza akiwa bado ananyonya, akaiacha kitinda mimba wetu akiwa ameshaolewa, tena ameolewa na beki wa timu hiyohiyo. Wanawake wenzangu walikuwa wakiogopa mke mwenza mwenye sura na umbo. Wangu mimi alikuwa wanaume kumi na mmoja wanaonuka dawa ya kuchulia misuli, na bado alinipiku.

Ndiyo maana sikuwahi kukanyaga uwanjani. Watu walidhani sipendi mpira. Naupenda, tena naujua kuliko baadhi ya wajumbe wa kamati. Ila kwenda kukaa juani nimtazame mume wangu akiwatazama watu wengine, hilo nililikataa tangu ujana na sikulibadilisha. Mchango wangu kwa klabu ulikuwa mmoja tu: kufua kofia yake.

Hiyo kofia sina budi niieleze. Uwanja wetu umepakana na kiwanda cha kupasua mbao, ukuta ni mmoja. Misumeno ya pale haijui siku ya mechi wala siku ya mazoezi, inanguruma tu. Makocha wageni hupiga kelele mpaka mishipa ya shingo inawatoka, na wachezaji wao hawasikii kitu. Mume wangu naye mwanzoni alipiga kelele hivyohivyo, akawa anarudi nyumbani hana sauti hata ya kuomba maji ya kunywa. Siku moja akapata akili. Akanunua kofia ya njano iliyokoza, ya kuonekana kutoka mbali, akaanza kuwafundisha wachezaji kuisoma. Akiivua, mabeki wote wanapanda kwa pamoja na kuwaacha washambuliaji wa wageni wameotea. Akiigeuza kisogoni, timu nzima inakwenda mbele. Akiishusha usoni, wote wanarudi kulinda. Mazoezini ilikuwa kofia asubuhi, kofia jioni, mpaka miguu ya wachezaji ikawa inaifuata kabla vichwa havijapata habari. Wakongwe walistaafu, wapya wakaja wakafundishwa na waliowakuta, na kofia ikaendelea. Ikipauka, mimi ndiye niliyehangaika madukani kutafuta nyingine ya rangi ileile.

Nyumbani nako mambo yalikuwa hayohayo, ingawa hakuna aliyetufanyisha mazoezi. Kofia ikiwa kwenye msumari karibu na mlango, baba yupo. Watoto wanaketi, chai inamiminwa, mtu mwenye shida zake anazisema. Akiivaa tu, sote tunasimama, kwa sababu anaondoka. Hata kama nilikuwa katikati ya maneno yangu, nilikuwa nasimama na maneno yangu mdomoni. Nilizoea kuitazama kofia kabla ya kumtazama mwenyewe.

Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua. Daktari wake, binti mdogo tu ambaye angeweza kuwa mwanangu, hakuzunguka mbuyu. Alimwambia moyo umechoka, presha haishikiki, na kwamba akiendelea na kazi ya benchi basi siku nyingine asiende kwake, aende moja kwa moja kwa seremala wa majeneza. Mzee wangu akageuka akanitazama mimi kana kwamba nimempa yule binti rushwa. Sikumpa. Ila ningejua inawezekana, ningempa zamani.

Basi akastaafu. Klabu ilimuaga vizuri, siwezi kuwanyima haki yao. Mwenyekiti wa klabu ana karakana ya samani, na alimtengenezea kiti kwa mikono yake mwenyewe, cha mbao nzito, chenye mto mwekundu na pa kuegemeza mikono. Wakakipandisha jukwaani, katikati kabisa, upande wa pili wa uwanja unaotazamana na mabenchi, mahali ambapo yeyote aliye uwanjani akiinua macho ni lazima akione. Wakakikaza sakafuni kwa skrubu ili asije mtu akakihamisha. Hotuba zikatolewa, watu wazima wakalia. Daktari aliulizwa, akasema kukaa na kutazama si vibaya, mradi asisimame akagombana na mtu. Kwa hiyo kila mechi ya nyumbani Mzee alivaa kofia yake ya njano, akaenda akakaa kwenye kiti chake cha heshima. Nikasema haya, angalau sasa anarudi mapema.

Wakaanza kutafuta mtu wa kukaa mahali pake. Wa kwanza alikuja na kompyuta na michoro ya mishale, wachezaji wakambatiza Profesa. Timu ilicheza vizuri ugenini, vizuri sana, lakini ikirudi nyumbani inavurugika kama kuku waliorushiwa jiwe. Profesa alichora mishale mpaka rangi zikamwishia, akafukuzwa. Wa pili alikuwa na kifua kama pipa na sauti ya kutisha, jina lake likawa Honi. Honi alidhani atashindana na misumeno ya kiwanda. Misumeno ikashinda. Naye timu yake ilikuwa hivyohivyo, ugenini simba, nyumbani paka. Mabeki walikuwa wakipanda wakati wa kukaa, wakirudi wakati wa kwenda mbele, na yeye mwenyewe alipoulizwa kwa nini, alisema wachezaji wetu wana wazimu wa pamoja. Mjini watu wakaanza kunong'ona kwamba uwanja umerogwa.

Ndipo kamati ikamgeukia mkwe wangu. Alipokuwa beki walimwita Komeo kwa sababu akishafunga mlango haupiti mpira wala mtu. Ni kijana mtaratibu, mwenye heshima mpaka inakera. Akimkuta Mzee sebuleni haketi mpaka aambiwe, na akiambiwa anaketi ukingoni mwa kochi kama anayesubiri kuitwa na hakimu. Nilifurahi alipopewa timu. Niliogopa pia, maana nilijua wakimla huyu, watakuwa wamemla mtu wa nyumbani kwangu.

Yakawa yaleyale. Ugenini wanapata sare na ushindi wa hapa na pale, nyumbani wanafungwa. Ikafika mechi ya mwisho ya msimu, ya nyumbani, na tulihitaji angalau sare ili tusishuke daraja. Wiki hiyo Mwenyekiti alikuja kwetu na wajumbe wake wawili. Nikawapa chai. Wakazunguka kwanza, wakaulizia afya, wakasifia mapazia, kisha Mwenyekiti akaweka kikombe chini.

"Mzee wetu," akasema, "tumefika ukutani. Kijana tunampenda, lakini Jumamosi mambo yakiharibika, klabu haina pengine pa kukimbilia. Tutakuja kukuomba urudi."

"Arudi wapi?" nikauliza.

"Benchi, shemeji. Kwa muda tu."

"Daktari alisema nini, shemeji yangu? Si ulikuwepo?"

"Madaktari nao wana mambo yao," akasema huku akitazama ndani ya kikombe.

Mzee akawaongezea wageni chai. Lakini mimi nimeishi naye. Niliyaona macho yake yakiruka mara moja kwenda kwenye msumari, kwenye kofia, na kurudi. Niliwaza kwamba nimempata mume wangu uzeeni, na sasa wanamtaka tena, na yeye anataka kwenda.

Siku iliyofuata, mchana, Mzee akiwa amelala kidogo, Komeo akaja. Alikaa kwenye meza ya jikoni, akaegemeza simu yake kwenye kopo la sukari na kuanza kutazama video ya mechi iliyopita, ile tuliyofungwa nyumbani. Sauti aliizima ili asimwamshe baba mkwe wake. Mimi nilikuwa nikikatakata vitunguu nyuma yake. Sikuwa na nia ya kutazama. Ila jukwaa la upande wa pili lilionekana vizuri kwenye video hiyo, na katikati yake palikuwa na doa la njano, na doa la njano hilo nimelifua miaka yote. Jicho langu likaenda lenyewe.

Doa likatoweka. Mzee alikuwa ameona joto, amevua kofia ajifute jasho. Na papo hapo, chini uwanjani, mabeki wetu wote wakapanda mbele kwa pamoja, wakaacha uwazi mkubwa nyuma yao, na mshambuliaji wa wageni aliyekuwa bado hajaotea akapenya akafunga.

Nikaweka kisu chini. "Rudisha hapo," nikasema.

Komeo akarudisha. Sikuhitaji kuona mara ya tatu. Dakika chache mbele, Mzee aliposhusha kofia kuzuia jua lisimwingie machoni, timu yote ikarudi nyuma na kujazana golini kwao, wakati walikuwa wanatafuta goli la kusawazisha. Kwenye benchi, ng'ambo, mkwe wangu alionekana akizungusha taulo jeupe juu ya kichwa kama mtu anayezama, na hapakuwa na hata mmoja anayemwangalia.

"Komeo," nikasema. "Umeliona hili?"

Akainamisha kichwa. "Nimeliona, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mechi yangu ya kwanza ya nyumbani."

"Na hukusema!"

"Ningesema nini, Mama? Nimwambie Baba asivue kofia akiona joto? Nimwambie asije uwanjani? Pale ni kwake. Mimi nimemkuta, na binti yake amenipa yeye."

"Na wachezaji? Wamekuwa watoto wadogo?"

"Nimewauliza. Wanaapa hawamtazami, na hawadanganyi, hawajijui tu. Mazoezini wanalifuata taulo vizuri, ugenini wanalifuata vizuri. Nyumbani wakiingia uwanjani tu, macho yanapanda juu." Akatabasamu kwa huzuni. "Hata mimi, Mama. Juzi aliposhusha kofia usoni, nilijikuta nimerudi nyuma pale benchi mpaka nikakanyaga ndoo ya maji."

Nilitaka kucheka na kumpiga mwiko kwa wakati mmoja. Makocha wawili wamefukuzwa, wa tatu yuko mlangoni, na kumbe kinachowafukuza ni kiti cha heshima na mtu anayejifuta jasho. Na yule mmoja anayejua angekubali kufutwa kazi kimyakimya kuliko kumkosea adabu baba mkwe.

"Nitumie hiyo video," nikamwambia. "Na uende nyumbani kwako kabla hajaamka."

Nilimkuta Mzee jioni sebuleni akipiga viatu brashi kwa ajili ya Jumamosi.

"Mzee, Jumamosi usiende uwanjani."

Akaendelea kupiga brashi. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi nitakwenda."

Nikampa miwani, nikampa simu. Alitazama sehemu ya kwanza akasema ni bahati mbaya, mabeki wamekosea wenyewe. Nikamwonyesha ya pili. Akasema jua lilikuwa kali siku hiyo. Nikamwambia jua nalijua, aangalie wachezaji. Akaangalia. Akairudisha mwenyewe kwa kidole chake, akaangalia tena. Brashi ilikuwa bado mkononi.

"Ina maana hawa wakitazama juu..." Akavua miwani. "Mimi nilidhani wananisalimu."

Nikaichukua simu, nikaizima.

"Kila mechi," akasema. "Yule beki wa kulia, yule mrefu, anainua macho, nami naitikia kidogo kwa kichwa. Nikawa nasema moyoni, vijana hawa wana adabu, hawajanisahau."

Klabu ile nimeichukia miaka mingi kwa sababu yake. Lakini jioni ile nilimhurumia, na kama ningeweza kuyameza yale niliyomwonyesha, ningeyameza. Furaha yake ya kila mechi nilikuwa nimeichukua mimi kwa mkono wangu.

Kisha akakasirika, kama nilivyotarajia. "Mkwe wako ndiye aliyekutuma?"

"Angenituma ningemheshimu zaidi. Yeye yuko tayari kufukuzwa kuliko kukwambia. Ndiyo maana nakwambia mimi."

"Kamati haijaona kosa langu. Kamati inataka nirudi."

"Na wewe unataka kurudi?"

Akatazama kiatu.

"Nijibu, baba."

"Nataka," akasema. "Kila nikiamka, nataka."

Angalau hakunidanganya. "Basi chagua, lakini chagua ukijua. Ukienda Jumamosi na kofia yako, kijana anaanguka. Akianguka, wale watu wanakuja kukuchukua, nawe utakwenda, na moyo wako hautamaliza msimu. Mimi nimekuwa mke mwenza wa klabu ya mpira, nikavumilia. Mjane wa klabu ya mpira sitakuwa."

Akarudi kwenye brashi na viatu vyake. Tulikula, tukalala, na siku zilizobaki tuliongea mambo ya bomba linalovuja na bei ya mkaa tu.

Jumamosi alitoka chumbani amevaa shati lake jeupe na viatu vinang'aa. Akaenda mpaka kwenye msumari akasimama. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na moyo wangu unadunda kana kwamba mgonjwa ni mimi. Akaichukua kofia, akaigeuza-geuza, kisha akaja akanipa.

"Itie kwenye mkoba wako," akasema.

"Si uiache hapa?"

"Nikiiacha mbali sitaweza kukaa kule. Lakini nisiipate mkononi. Kwa hiyo na wewe unakuja."

"Mimi? Uwanjani?"

"Usipokuja, nitaazima kofia ya mtu."

Basi nikaenda. Ungeona watu walivyogeuka! Sijui walishangaa nini zaidi, mimi kuonekana jukwaani au upara wa Mzee kukaa wazi hadharani. Mashabiki waliomshangilia nusu ya maisha yao walizoea kukiona kichwa kile kitupu kwa nukta tu, kofia ikivuliwa na kurudishwa. Kukijua hasa nilikijua mimi peke yangu. Mtu mmoja nyuma yetu akamwuliza mwenzake, "Huyu ni nani amekaa kwenye kiti cha Kocha?" Mzee akacheka kidogo. Mimi waliniletea kistuli, nikakaa ubavuni mwake, mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba.

Misumeno ilikuwa inanguruma ng'ambo ya ukuta, kelele ambazo miaka yote nilisimuliwa tu. Mpira ukaanza. Na kweli, kabla mambo hayajachanganya, yule beki mrefu akainua macho juu. Akatutazama. Hakuona njano. Aliona mzee mwenye upara na mwanamke mwenye mkoba. Akageuza shingo huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Wenzake nao wakafanya hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, na katika kubabaika huko wageni wakapiga krosi, mtu wao akaruka peke yake, wakatufunga.

Jukwaa likaguna. Mwenyekiti, aliyekaa safu ya chini yetu, akageuka jasho likimtiririka.

"Mzee," akasema, "shuka. Nakuomba. Nenda kasimame tu pale benchi, wakuone."

Mzee akajiinua nusu. Niliuona uso wake, na sijawahi kumwona mtu akitaka kitu namna ile. Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe mpaka kichwani, vidole vikatafuta ukingo wa kofia, vikakuta ngozi. Ukabaki hapo juu, haujui ufanye nini.

Niliushika. Nikauteremsha, nikauweka mapajani mwangu juu ya mkoba, nikaufunika kwa mkono wangu. Mbele ya kamati na mji mzima. Hatukuwahi kushikana mikono barabarani hata siku ya harusi yetu.

"Shemeji," nikamwambia Mwenyekiti, "mpira uko kule mbele." Akageuka.

Mzee akaketi.

Kipindi cha pili yule mrefu aliinua macho mara moja tu, kwa mazoea, akakatiza katikati kama mtu aliyekumbuka kwamba saa yake imeharibika. Kisha akageuka upande wa pili. Ng'ambo, Komeo alikuwa amesimama ukingoni mwa mstari wa chokaa na taulo lake begani. Akalivuta. Mabeki wakapanda pamoja, na mshambuliaji wa wageni akaachwa peke yake ameinua mikono kumlalamikia mwamuzi. Mkononi mwangu vidole vya Mzee vikakaza. "Umeona?" akasema. Nikasema nimeona. Muda si mrefu taulo likazungushwa juu, timu nzima ikamiminika mbele, mpira ukagonga mwamba ukarudi, na mtu wetu akausukumia wavuni kwa goti. Watu walinirukia hata wasionijua.

Ikawa sare, na ilitutosha. Ikabaki kuilinda, na kulinda ndiko kunakoua.

Karibu na mwisho, winga wao wa kushoto akaanza kuchepuka polepole kwenda pasipo na mtu. Sikumwona kwa macho yangu. Nilimwona kwa mkono wa Mzee. Ulishtuka ghafla na kuanza kupanda, kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo. Yeye alikuwa ameshaiona hatari kabla ya mtu yeyote pale uwanjani, na kila mshipa wake ulikuwa unataka kushusha kofia ambayo haikuwepo. Nikajua nikiushikilia kwa nguvu atanishinda. Kwa hiyo nikaulegeza wangu. Nikaacha tu kiganja juu ya kiganja.

"Hajaona," akanong'ona. "Kijana hajaona. Hajaona bado."

"Mwachie," nikasema.

Mkono ukabaki hewani kidogo. Halafu ukarudi chini wenyewe, ukatulia. Ng'ambo, kwa kuchelewa kidogo, taulo likashuka usoni mwa Komeo. Yule mrefu akakimbia nyuma kama anayefukuzwa na nyuki, akautelezea mpira uliokuwa tayari umeshatoka mguuni mwa winga, akautoa ukawa kona. Kona ikapigwa, kipa akadaka, na filimbi ikalia.

Wachezaji wote walikimbilia benchi. Walimbeba Komeo juu juu, taulo likapotea kati ya vichwa, mashabiki wakavunja kamba wakaingia uwanjani. Mwenyekiti alishuka ngazi mbilimbili akiimba, mtu mzima yule. Jukwaa likamwagika lote chini, tukabaki sisi wawili na maganda ya karanga. Mzee alikuwa akiwatazama kwa makini, mmoja mmoja, kama anayesubiri. Sikuhitaji kumwuliza anasubiri nini.

"Hakuna aliyetazama juu," akasema mwisho.

"Hakuna."

"Hata yule mrefu."

"Hata yeye."

Machozi yakamtoka, akayaacha. Mimi nami nikalia. Nililia kwa kumhurumia na kwa kufurahi, na sikuona haya kwa lolote kati ya hayo. Ng'ambo ya ukuta wakawa wanazima misumeno, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukaanza kusikia kumbe wale kule chini wanaimba nini.

Akajifuta uso kwa kiganja. "Nipe kofia yangu. Jua limenichoma utosi."

Nikafungua mkoba, nikampa. Akaivaa, akaiweka sawa.

Na mimi nikasimama. Nilishasimama wima, mkoba begani, nimegeukia ngazi, kabla sijajua kwamba nimesimama.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Si umevaa kofia?"

Alinitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alijua kwamba na mimi nilikuwa mchezaji wake. Akaivua kofia taratibu, akaiweka kwenye kistuli changu kama mtu anayemwekea mwenzake nafasi, kisha akaona nitaikalia, akaichukua tena akaishika mapajani mwake.

"Kaa," akasema. "Siendi popote."

Nikakaa.